Chuo kikuu cha umma kuchukua fungu kwenye ruzuku ya mtafiti: kinakuza utafiti au kinaunyonya?

Mdadisi: Jamani tujadili hili. Mtu anahangaika na andiko la mradi miezi sita, ruzuku ikitoka tu chuo kinataka chake, eti gharama za uendeshaji. Halafu vitendanishi ulivyoagiza vinakwama manunuzi hadi mradi unakaribia kuisha. Mi nasema hela yote iende kwa mtafiti, basi.

HesabuWazi: Umeme wa friza la sampuli usiku na mchana atalipa nani? Mhasibu wa kufunga hesabu za mfadhili je? Marekani Februari 2025 taasisi yao ya afya, NIH, ilitangaza ukomo wa asilimia 15 kwa gharama hizo, vyuo vikaenda mahakamani maana vingi vilikuwa juu ya 50.

Mdadisi: Hamsini! Yaani nusu ya jasho la mtu!

HesabuWazi: Soma vizuri ndugu yangu. Kule haikatwi kwenye hela ya mtafiti, inaongezwa juu. Kazi ya mtafiti ikiwa 100 chuo kinalipwa 50 pembeni, jumla 150. Hiyo nusu umeitoa wapi?

BintiMaabara: Asilimia hainisumbui, kinachoniuma ni kwamba hairudi maabara. Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, profesa Steenbock aligundua namna ya kuongeza vitamini D kwenye chakula kwa mwanga wa urujuanimno, 1925 ukaundwa mfuko wa WARF kusimamia hataza, yaani haki ya ugunduzi huo, faida ikawa inarudi kwenye utafiti wa chuo hichohicho. Mi nimekaa na mashine mbovu miezi minane, fundi hakuna, na makato yalishachukuliwa siku nyingi. Tena tuseme ukweli, hela hiyo inawabeba watu wasiochapisha chochote, wanafundisha tu.

ChakiMkononi: "Wanafundisha TU"?? Dada, nina darasa la watu 400, nasahihisha hadi saa nane usiku, na hao wanafunzi wa uzamivu wanaokufanyia majaribio waliujua utafiti kwa nani mwaka wa kwanza? Ukipata ruzuku unaachiwa vipindi, vipindi vyako nabebeshwa mimi, kisha kwenye kupanda cheo naulizwa machapisho yako wapi.

BintiMaabara: Kaka sijakutukana. Ila wapo wanaojificha nyuma ya chaki, tunawajua.

ChakiMkononi: Na wapo wanaoweka jina kwenye kazi ya mwanafunzi ambayo hawajaisoma, hao pia tunawajua.

Mdadisi: Turudi kwenye makato jamani...

Mzamivu3: Wakubwa shikamooni. Mi ndo huyo mwanafunzi mnayemgombania. Msimamizi wangu ana wanafunzi kumi na nne, sura yangu ya pili anayo tangu muhula uliopita, na posho yangu iko kwenye mradi unaofungwa mwezi wa sita. Makato yawe 15 au 50, mi natafuta mtu wa kusoma sura yangu.

HesabuWazi: Marahaba. Sasa hapo ndo penye utafiti wenyewe. Chuo kimlipe msimamizi muda wa kusoma kutoka kwenye hilohilo fungu.

ChakiMkononi: Na vipindi vyake atafundisha nani? Mimi tena?

BintiMaabara: Mzamivu, sura inahusu nini? Nitumie leo.