Naomba ushauri: nipunguze saruji bila kuhatarisha jengo

Habari zenu wadau. Nasimamia ujenzi wa nyumba za ghorofa moja, na suala la hewa ukaa linaninyima raha. Saruji peke yake inachangia kama asilimia 7 hadi 8 ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu duniani. Sehemu kubwa haitoki kwenye mafuta ya tanuri bali kwenye mawe ya chokaa yenyewe: yakichomwa kutengeneza klinka (madonge yanayosagwa kuwa saruji), gesi inatoka tu, hata moto uwe safi kiasi gani. Kwa hiyo naona dawa ni kupunguza klinka.

Nimevutiwa na saruji ya LC3, yenye udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi joto 700 hadi 850 pamoja na unga wa chokaa. Klinka inabaki kama nusu. Kwenye kuta nafikiria matofali ya kushindilia, yasiyochomwa kwa kuni.

Waliowahi kutumia: zege la LC3 linachelewa kukaza siku za mwanzo? Mbao za slabu nizitoe lini? Matofali hayo yanavumilia unyevu wa chini, au niyaanzie juu ya msingi? Halafu fundi wangu huongeza saruji kila nikigeuka, anasema ni usalama. Nimweleweshe vipi?