Mjadala: Mtoto asiyetulia darasani tumpe kiboko, dawa, au kwanza tumuulize mama yake?

Wadau, habari za jioni. Kwenye kikao cha wazazi shuleni kwetu juzi, baba mmoja alisimama akasema, "Walimu mmelegea. Sisi tulichapwa tukatulia. Siku hizi mnatuletea magonjwa ya Wazungu." Akapigiwa makofi. Akafuata mama mmoja ambaye mwanawe mwingine anasoma shule ya kulipia mjini. Huko ameshauriwa mtoto aanze dawa ya umakini, na yeye anaogopa. Wengine wakamwambia akubali haraka, wengine wakamwambia akimbie. Tukafunga kikao bila jibu, ndiyo maana nalileta hapa.

Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu mkoani Morogoro, wanafunzi 74 chumba kimoja. Msimamo wangu nautoa mapema ili mniseme vizuri: kiboko hakina kazi hapa. Dawa ina kazi yake, na ingefaa ipatikane hata hospitali za serikali. Ila kabla ya hivyo vyote kuna swali moja tunaliruka, nalo ni mtoto huyu alifikaje hapo alipo.

Mwaka jana nilikuwa na mvulana wa miaka tisa. Ukimpa zoezi la kunakili ubaoni anaandika tarehe vizuri, anapiga mstari kwa rula, anaanza: "Bibi alikwenda sok". Penseli inasimama hapo. Mjusi kapita kwenye boriti, au kuna pikipiki inalia nje. Ukirudi baada ya dakika kumi, "sok" iko vilevile, na yeye anakutazama kama mtu aliyeamshwa usingizini. Walimu wawili walishamchapa kabla hajafika kwangu. Na mimi nilimchapa, mara mbili. Najuta mpaka leo, kwa sababu sikuwa nimemuuliza mtu yeyote chochote.

Nilipomwita mama yake, tukakaa kwenye benchi nje ya ofisi, akaniambia, "Mwalimu, huyu hakuwa hivi. Akiwa na miaka minne alipata degedege, tukalazwa, siku mbili hajitambui. Alipozinduka tukamshukuru Mungu, tukarudi nyumbani." Nikamuuliza kama aliambiwa amrudishe mtoto kuangaliwa akili. Akasema hapana, alipewa tu dawa za kumalizia nyumbani.

Dalili hizo zilinipa wazo la malaria ya kichwa, ile inayoshika ubongo. Sasa sikilizeni hili, maana halikutoka Ulaya. Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti waliwafuatilia watoto waliopona malaria ya kichwa, wakawalinganisha na watoto wazima wa mazingira yaleyale. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Miaka miwili baada ya kuugua, asilimia 26.3 ya waliopona walikuwa na upungufu katika angalau eneo moja la akili. Kwa wenzao ilikuwa asilimia 7.6. Na eneo lililoumia zaidi lilikuwa umakini: asilimia 18.4 dhidi ya 2.5. Chembe nyekundu zenye vimelea hunata kwenye mishipa midogo ya ubongo, damu inapita kwa shida, na juu yake kuna degedege na kuzimia. Mtoto anapona homa, lakini ubongo wake unabaki na deni, na deni hilo tunakuja kulidai sisi walimu kwa fimbo.

Sisemi kila mtukutu aliugua malaria. Hali ambayo madaktari wanaiita ADHD, yaani mtoto kushindwa kutulia na kukaza akili kupita kawaida ya umri wake, ipo yenyewe, na tafiti za mapacha zinaonyesha kurithi kuna nguvu kubwa. Kumbukeni baba au mjomba yeyote kwenye ukoo ambaye hakuwahi kumaliza alichokianza. Tafiti za mabara mbalimbali zilizojumlishwa mwaka 2007 zilitoa wastani wa watoto kama 5 katika kila 100. Kwa hiyo la "ugonjwa wa Wazungu" naomba tuliache.

Tuje kwenye dawa. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Marekani na Kanada, ukachapishwa mwaka 1999. Watoto 579 wa miaka 7 hadi 9 waligawanywa kwa bahati nasibu makundi manne: dawa inayosimamiwa kwa karibu, mafunzo ya tabia kwa mzazi, mwalimu na mtoto, vyote viwili pamoja, na matibabu ya kawaida ya mtaani. Baada ya miezi 14, waliosimamiwa vizuri kwenye dawa walikuwa wametulia zaidi kuliko waliopewa mafunzo peke yake. Watetezi wa dawa wakashangilia. Lakini usimamizi ulipokwisha na kila familia ikaendelea kivyake, walipopimwa tena mwaka wa tatu tofauti kati ya makundi ilikuwa imefutika. Baadaye ikaonekana pia kwamba waliotumia dawa mfululizo kwa miaka mingi walikuwa wafupi kwa sentimita chache kuliko wasioitumia.

Mimi nasoma hivi: dawa inafanya kazi, na inafanya zaidi pale ambapo mtu anamwona mtoto kila mwezi, anarekebisha kipimo, anaongea na mwalimu. Ukimpa mzazi karatasi ya dawa na kumwambia arudi mwakani, humtendei haki. Yule mama wa kikaoni nilimwambia hivyohivyo: usiulize tu jina la dawa, uliza nani atamwona mtoto mwezi ujao, nani atampima urefu na uzito. Shirika la Afya Duniani lenyewe liliombwa mwaka 2019 na tena 2021 kuiingiza methilifenideti, ile inayouzwa kama Ritalin, kwenye orodha ya dawa muhimu. Mara zote mbili lilikataa, kwa hoja ya ubora wa ushahidi. Mimi bado nadhani kwa mtoto aliyezidiwa ingepaswa kupatikana bila kwenda hospitali binafsi. Hapo najua wengine mtanipinga, karibuni.

Kuna na hizi programu za simu za "kunoa ubongo", ambazo wazazi wenye uwezo wananiuliza. Hapa sina upole. Mwaka 2016 kampuni ya Lumosity ililipa dola milioni 2 kumaliza kesi na mamlaka ya biashara ya Marekani kwa kutangaza manufaa isiyoweza kuyathibitisha. Mwaka 2020 Marekani iliidhinisha mchezo mwingine wa video kama tiba ya ADHD kwa watoto wa miaka 8 hadi 12. Katika jaribio lake la watoto 348, alama za kipimo cha umakini cha kompyuta zilipanda kuliko za waliocheza mchezo wa kulinganishia, lakini wazazi hawakuona tofauti kati ya makundi hayo mawili. Mtoto anakuwa hodari wa mchezo, daftari linabaki na "sok".

Nirudi kwa mvulana wangu. Nilimhamishia dawati la mbele, mbali na dirisha. Badala ya hesabu ishirini nikampa tano, akimaliza analeta, nasahihisha, nampa tano nyingine. Katikati ananigawia madaftari, miguu ipate kazi. Mama yake nikamwomba amlaze mapema na amwagize jambo moja kwa wakati mmoja. Hadi muhula unaisha alikuwa anamaliza sentensi nne, tano. Mimi nilifurahi sana, na hapo ndipo ninapotakiwa kujichunga. Jopo la watafiti wa Ulaya lilipojumlisha majaribio 54 ya tiba zisizo za dawa mwaka 2013, liligundua kwamba mafunzo ya tabia yanaonekana kufaulu pale anayetoa alama anajua mtoto amepewa nini. Akitoa alama mtu asiyejua, faida kwenye umakini inapungua mpaka karibu kupotea. Uchambuzi wao uliofuata mwaka 2014 ulionyesha kwamba kinachobaki ni utukutu kupungua na malezi ya mzazi kuboreka. Kwa hiyo siwaambii nimemponya. Nawaambia hakuchapwa mwaka mzima, na aliacha kutoroka shule.

Nyongeza, baada ya kusoma michango yenu:

Ndugu aliyesema walimu tutawaita wagonjwa watoto ambao ni wadogo tu kiumri darasani, hoja yako ni nzito. Marekani, utafiti wa watoto zaidi ya laki nne uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba pale ambapo mwisho wa kuandikishwa shule ni Septemba 1, waliozaliwa Agosti walipewa jina la ADHD kwa asilimia 34 zaidi ya waliozaliwa Septemba. Yaani mtoto mdogo kwa karibu mwaka mzima analinganishwa na mkubwa wake. Kwetu, ambako mmoja anaanza na miaka mitano na mwingine saba, hatari hiyo ni kubwa zaidi. Mwalimu asitoe jina la ugonjwa. Aandike anachokiona, ampeleke mtoto kwa daktari, na macho na masikio yaangaliwe kwanza.

Dada uliyeuliza sheria inasemaje: kanuni zetu Tanzania bado zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule. Kenya walipiga marufuku mwaka 2001.

Na wewe uliyesema darasa la watoto 74 haliwezi kumpa mtoto mmoja hesabu tano tano, nakuelewa, nilichoka. Lakini kumchapa kila siku nako kulikuwa kunanila muda, na sentensi ilikuwa haiishi.

Wauguzi na matabibu mliomo humu, naomba mnijibu hili moja: mtoto akiruhusiwa kutoka wodini baada ya malaria ya kichwa, huko mliko kuna anayemwandikia mama tarehe ya kurudi ili aangaliwe kusikia, kuona na umakini? Kama yupo, nani, na baada ya muda gani?