Mrejesho: Nimekisoma Vuta n'Kuvute Unguja

Habari zenu wapendwa. Mwezi uliopita niliuliza kama kuna maana kufunga safari hadi Unguja ili tu nikasome Vuta n'Kuvute, riwaya ya Adam Shafi, pale pale kisa kinapotokea. Wengi mlisema nenda. Nimekwenda, nimerudi, asanteni sana.

Siku ya kwanza sikusoma kitu. Boti ilinichosha, nikalala. Ya pili nikakaa kwenye baraza moja Mji Mkongwe, nikasoma hadi Yasmin, aliyemkimbia mume mzee, anapopokelewa na Mwajuma kule Ng'ambo. Nikafunga kitabu nikaanza kutembea. Nilipofika Darajani, mzee muuza kahawa akaniambia, "Mwanangu, hapo ulipokanyaga palikuwa maji. Ndiyo maana pakaitwa Darajani."

Nilisimama na kikombe mkononi. Miaka yote "Ng'ambo" kwangu lilikuwa jina la mtaa tu. Kumbe ni ng'ambo kweli, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuja kufukiwa, na binti yule alivuka kutoka maisha mamoja kwenda mengine! Sehemu ile niliirudia mara tatu.

Mtakaokwenda, msitegemee kuikuta Ng'ambo ya kitabuni. Michenzani, huko huko Ng'ambo, mtaona yale majengo marefu ya ghorofa yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Nilihuzunika kidogo.

Kurasa za mwisho nilizimalizia Forodhani, jioni, kwa mwanga wa taa za wauza pweza.