Tunahama Dodoma kwenda Bukoba, nijiandae vipi na mvua?

FundiCherehani_Dom
Wakuu, habari za humu ndani. Mume wangu kapata uhamisho wa kikazi, anatakiwa kuripoti Bukoba mwezi wa kumi. Mimi ni mzaliwa wa Kongwa, nimeolewa Dodoma mjini, tunakaa Nkuhungu. Mvua ninayoijua ni ya Desemba mpaka Aprili, na hiyo yenyewe kuna mwaka tunaiombea dua. Sasa kila nikisema naenda Bukoba naambiwa "huko mvua hainyamazi", basi nimebaki na woga tu bila maelezo.

Nina watoto wawili. Mkubwa yuko darasa la tatu, mdogo ana miaka minne na kifua humbana vumbi likizidi. Kazi yangu ni ushonaji: nina cherehani ya miguu, nyingine ya umeme ya kudarizi, na majora ya vitambaa ambayo ndiyo mtaji wenyewe. Pia kuna magunia ya mahindi na karanga za shamba nilizotaka kwenda nazo. Ninunue nini, niuze nini, na je, tuondoke wote pamoja au baba atangulie? Naomba majibu ya waliowahi kuishi kule.

Mgogo Halisi
Nunua mtumbwi. Mengine yatajipa.

Binti Makete
Dada, andaa majaketi mazito, kofia za sufu na mablanketi mawili mawili kwa kila kitanda. Mvua na baridi ni ndugu, watoto wasije wakapata nimonia.

Rwamishenye_Juu
Binti Makete, hayo ni ya kwenu kwenye baridi. Bukoba iko kando ya ziwa, na mwinuko wake kutoka usawa wa bahari haupishani sana na wa Dodoma, zote zimepita kidogo mita 1,100. Mchana joto linacheza nyuzi 25 au 26 karibu mwaka mzima, usiku 16 au 17. Dodoma usiku wa Julai inashuka mpaka 13 au 14. Yaani baridi kali dada anaiacha huko huko Nkuhungu. Sweta jepesi na koti la mvua vinatosha, hela ya majaketi aiweke kwenye kodi ya nyumba nzuri.

Kinachobadilika ni maji. Dodoma inapata kama milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, Bukoba inakaribia 2,000. Kwa hiyo dada yangu, swali lako la kwanza liwe nyumba, siyo nguo. Nguo utanunua hapa hapa sokoni, mitumba imejaa. Nyumba ukikosea utaishi nayo mpaka mkataba uishe.

Na baba atangulie. Mwezi wa kumi ndiyo vuli imeshika, hapo ndipo nyumba husema ukweli. Dalali atapenda kumtembeza jua likiwaka. Yeye asubiri mvua inyeshe, kisha aende. Aingie ndani aangalie dari kama ina maduara ya rangi ya chai, hiyo ni bati inayovuja. Ashike ukuta chini ya dirisha kwa kiganja. Anuse kabati na chumba cha nyuma ambacho hakipigwi na jua. Atoke nje aone maji ya paa la jirani yanaishia wapi, maana kuna nyumba nzuri kabisa ambayo kila tone la mtaa mzima linapita mlangoni kwake. Kama kuna mstari wa tope ukutani, hata kama umepakwa rangi juu yake, asijadili bei, aondoke.

Maeneo ya bondeni yanayopakana na Mto Kanoni yana historia ya mafuriko, awe makini nayo hata kodi ikiwa rahisi. Huku juu kupanda kunachosha, tope jekundu litakushika miguu, lakini maji yanashuka kwenda kwa wengine.

Jambo jingine: tetemeko la Septemba 10, 2016 lilikuwa la ukubwa wa 5.9 na liliacha nyumba nyingi na nyufa. Zipo zilizozibwa kwa plasta tu. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye pembe ya dirisha kwenda juu usiupuuze, mvua hupenda kupita hapo.

Binti Makete
Sawa mkuu, nimekubali kukosolewa 😄. Ila koti la mvua la mtoto liwe na kofia yake, mwavuli wa mtoto hauwezi upepo.

MwalimuJiografia
Niongeze kidogo kwa sababu wengi wanaohamia huku wanashindwa kuelewa ratiba ya mvua. Dodoma mmezoea jua linachoma tangu asubuhi, mawingu yanajikusanya, mvua inashuka alasiri au jioni. Upande huu wa magharibi wa Ziwa Victoria mvua nyingi huja alfajiri na asubuhi. Usiku nchi kavu inapoa haraka kuliko ziwa, upepo unatoka pande zote kuelekea ziwani, unakutana katikati na hewa ya juu ya maji yenye unyevu na vuguvugu inapanda kuwa mawingu ya radi. Kisha pepo za mashariki zinayasukuma mawingu hayo kuja kwetu. Ndiyo maana Bukoba inanyeshewa kuliko Musoma, ingawa zote ziko kwenye ziwa moja.

Maana yake nyumbani kwako: kengele ya shule na mvua vinagongana. Mtoto awe na viatu vya mpira vya kuendea na viatu vya darasani ndani ya mfuko. Mwalimu akimwona anabadilisha mlangoni hatashangaa. Na ule utaratibu wa kufua alfajiri na kuanika saa moja, uuache Dodoma. Huku anika kuanzia saa nne au tano mawingu yakishapita.

Miezi: Machi mpaka Mei ni masika, Aprili ndiyo mkubwa wao. Vuli inaanza Septemba au Oktoba mpaka Desemba. Juni mpaka Agosti ni kiangazi, Julai ndio mkavu kuliko yote, ingawa mtu wa Dodoma ataona mvua hata humo na kujiuliza kiangazi ni kipi. Januari na Februari hupungua kidogo. Kama shule ya mtoto ndiyo inayokufunga, hama mwishoni mwa Desemba, aanze Januari na wenzake.

FundiCherehani_Dom
Asanteni sana, mwalimu umenifungua macho. Kumbe ndiyo maana wifi yangu alisema kule watu wanachelewa kufungua maduka. Sasa vipi kuhusu vitambaa na cherehani? Hapa Dodoma jora linakaa sakafuni mwaka mzima, shida ni vumbi tu. Na mahindi?

Sindano na Uzi
Fundi mwenzangu karibu. Mimi niko Muleba, nashona sare na magauni.

Jora lisiguse sakafu wala ukuta. Tengeneza chaga za mbao, kisha kabati au rafu isogee mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita, hewa izunguke. Usifunge vitambaa kwenye nailoni kwa muda mrefu ukidhani unavilinda. Unyevu uliomo ndani hautoki na baada ya masika utafungua ukute madoa meusi madogo kama punje za ulezi. Hayo kwenye kitambaa cheupe hayatoki. Funika kwa shuka la pamba. Kila siku jua likichomoza fungua rafu, geuza majora. Mimi huweka vipande vya mkaa kwenye kopo lililotobolewa kila kona ya kabati, vinapunguza ile harufu ya uvundo.

Cherehani ya miguu ina chuma kingi, kwa hiyo mafuta. Ukimaliza kazi jioni futa kwa kitambaa kikavu, tia tone kwenye matundu yake, shusha mguu juu ya kipande cha kitambaa kilichoguswa mafuta. Asubuhi anza na kitambaa kibovu kwanza, usije ukachora mstari wa mafuta kwenye gauni la bibi harusi. Sindano na bobini zikae kwenye kopo lenye mfuniko. Hiyo ya umeme chomoa kwenye ukuta kila unapoondoka. Radi za huku siyo za kuhadithiwa. Kuzima kwa swichi peke yake hakutoshi, chomoa plagi. Tivii na king'amuzi vile vile, na waya wa dishi.

Kibiashara nikwambie ukweli: siku ya mvua mteja haji. Fremu ya ndani mtaani itakuua njaa Aprili nzima. Tafuta baraza lililo kando ya lami, lenye paa lililotokeza, watu wakijibanza mvua wanaona kazi zako. Nusu ya wateja wangu walianza kwa kujibanza. Na usimwahidi mtu nguo "kesho asubuhi".

Makabati yale ya unga wa mbao yauze huko huko. Yakinyonya unyevu yanavimba miguu. Mbao halisi beba.

Mama wa Kahawa
Mahindi usibebe mengi waitu. Huku chakula ni ndizi na maharage, samaki wapo, mahindi ya kununua yapo. Gunia ukiliweka chumba chenye unyevu litaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Nyie wa Dodoma mnaijua, mwaka 2016 iliua watu huko kwenu na Manyara, tena kwenye ukavu huo huo. Karanga ndizo mbaya zaidi.

Ukitaka kubeba debe moja kwa ajili ya watoto, pima kwanza. Chukua chupa ya kioo kavu kabisa, tia mahindi robo ya chupa, tia vijiko viwili vitatu vya chumvi iliyokaushwa juani, funga, tikisa kwa nguvu, acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana maji, rudisha juani. Ikishuka yote chini, yako sawa. Kisha yafunge kwenye mfuko ule wa tabaka usiopitisha hewa.

Kitu cha kubeba kweli ni mlenda mkavu na unga wa uwele, huku hutauona kirahisi. Kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana. Novemba tutakulipa kwa senene 😄

Mgogo Halisi
Ameanza na mlenda, atarudi Dodoma anatembea na pochi ya senene na Kiingereza kingi.

Mama wa Kahawa
Kiingereza ni cha bure, senene ndio wa kununua.

NesiMstaafu
Hamjagusa la mtoto. Mama, kifua kinachobanwa na vumbi kinaweza kupata nafuu kule kwa sababu vumbi ni dogo, lakini ukungu wa ukutani nao unabana kifua, tena kwa watoto wengine kuliko vumbi. Chumba cha mtoto kiwe kile kinachopata jua. Usianike nguo mbichi ndani ya chumba anacholala, najua mvua ikikaa siku nzima utashawishika. Godoro linyanyuliwe lisimame ukutani mchana mara kwa mara. Kama ana dawa ya kuvuta, ondoka na ya kutosha, pamoja na kadi na maelezo ya kliniki, ili ukifika hospitali ya rufaa ya mkoa wasianze upya.

Kubwa kuliko kifua: malaria. Dodoma ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo sana nchini, Kagera ni kati ya yenye malaria nyingi. Watoto wako hawajazoeana na ugonjwa huu, mwili wao hauna kinga waliyo nayo watoto wa pale. Usisikilize jirani atakayesema "ni homa ya kubadili hali ya hewa, atazoea". Mtoto akichemka, apimwe siku hiyo hiyo. Vyandarua viwe vimefungwa usiku wa kwanza, hata kama vitanda havijaunganishwa na mnalala chini. Viweke juu kabisa ya mizigo, visiwe chini ya lori.

Utingo wa Zamani
Mizigo: lori linapita Singida, Nzega, Kahama, Biharamulo, Muleba. Mpaka Kahama utaona ukavu ni ule ule, ukianza kuikaribia Biharamulo kijani kinaanza. Turubai wakague kabla halijafungwa, linyooshwe juani, ukiona nyota nyingi likataliwe. Magodoro na majora yavalishwe nailoni kwa safari tu, ukifika uvue siku hiyo hiyo. Vyeti vyote, vya ndoa, vya kuzaliwa, vya shule, usiviweke kwenye lori. Safiri navyo kwenye begi lako.

Na kwa kuwa ni uhamisho wa kikazi, mume asipakie hata kijiko kabla hajafuatilia malipo ya mizigo na posho ya kujikimu kwa mwajiri. Angeuomba mwenyewe ingekuwa habari nyingine.

FundiCherehani_Dom
Wapendwa, nashukuru. Baba Neema ametangulia, mimi nafuata na watoto Desemba shule zikifungwa. Makabati nimeshauza. Ameona nyumba mbili. Moja iko chini karibu na lami, vyumba vitatu, marumaru, nzuri kwenye picha. Nyingine iko mlimani, vyumba viwili, sakafu ya saruji, choo cha nje, ila ina baraza pana. Alienda asubuhi mvua ikinyesha kama mlivyosema. Ile ya chini hakufika mlangoni, alisimama ng'ambo ya mtaro akamsubiri mwenye nyumba. Tumechukua ya mlimani.

Swali la mwisho: bati halina gata. Mwenye nyumba anasema tukiweka wenyewe atakata kwenye kodi. Tuna simtanki ya lita elfu moja hapa Nkuhungu, tuibebe?

Rwamishenye_Juu
Ibebeni. Ikiwa tupu ni nyepesi, ijazeni mito na nguo humo ndani. Gata wekeni upande mmoja tu kwanza, ule wa baraza, lita elfu moja kwa mvua ya hapa inajaa mapema kuliko unavyodhani. Acheni maji ya mwanzo yapite yaoshe bati, ndipo muelekeze bomba kwenye tanki, na tundu la juu lifungwe wavu mbu wasizaliane. Makubaliano ya kukatwa kodi yaandikwe kwenye mkataba, na risiti za fundi asizitupe.

FundiCherehani_Dom
Nimemtumia ujumbe sasa hivi. Anasema ameshaanza kununua viatu vya mpira, ila vya saizi yake tu.