Risiva mpya ya homu thieta kwa ukumbi wa nyumba ya mawe: Denon, Yamaha, Onkyo, au nibaki na ya zamani?

MwanaWaMalindi
Assalaamu alaykum nyote. Nnaomba rai zenu kabla pesa haijanitoka mkononi. Risiva yangu (ile mashine inayopokea picha na sauti na kuendesha spika zote) ya chaneli 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, niliinunua 2011 na mpaka leo inapiga vizuri. Taabu imeanza nilipoleta TV ya 4K. Nikiipitisha deki ya Blu-ray ya 4K kwenye risiva, skrini nyeusi. Nikiiunga moja kwa moja na TV, picha ipo. Mwanangu naye ana Xbox Series X, anataka aone 4K ya 120, yaani picha 120 kwa sekunde.

Nimebakisha tatu: Denon AVR-X1800H, Yamaha RX-V6A na Onkyo TX-NR6100. Zote ni za chaneli 7.2 na zote zinacheza Dolby Atmos, ile sauti inayokuja hata kutoka juu. Denon imeandikwa wati 80, hizo nyengine wati 100, na hapo ndipo moyo unaponielekea Yamaha, kwa sababu nimepata mtu anayo iliyotumika, kwa bei ya chini. Ukumbi wangu ni wa nyumba ya zamani hapa Malindi ya Unguja: kuta za mawe na chokaa, dari ya boriti, upana mita tatu kasorobo, urefu karibu saba. Nyie mngechukua ipi?

FundiWaKwahani
Wa alaykumu salaam. Nianze na hiyo skrini nyeusi. Risiva yako ni ya HDMI 1.4, toleo la zamani la tundu la waya wa picha na sauti, na filamu za 4K zimefungwa kwa kufuli inayoitwa HDCP 2.2, ambayo mashine za wakati ule haziijui. Haijaharibika. Usimpe mtu aifungue.

Wati zisikubabaishe hata kidogo. Baina ya 80 na 100 tofauti ni desibeli moja tu, na desibeli moja mtu aliyekaa kwenye kochi haijui. Ukitaka kuongeza desibeli tatu lazima wati ziwe mara mbili. Tena hizo wati zilizoandikwa hupimwa chaneli mbili tu zikifanya kazi. Zikilia zote saba kwa pamoja, kila moja inapata pungufu. Kwa ukumbi wako hutozimaliza wati 80 labda uwe unataka kuwaamsha jirani wa kichochoro cha pili.

Cha kutazama wewe ni kile kibati cha nyuma. Kikisema AC 230V 50Hz, beba. Kikisema 120V 60Hz, hiyo ni ya Marekani. Nimeletewa nyingi za namna hiyo, zimekuja na jamaa kwenye kontena, mtu amechomeka ukutani mara moja tu na habari yake imekwisha. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini iwe kubwa kuliko mzigo wa risiva, na nyengine zinavuma usiku mpaka unazisikia katikati ya mazungumzo ya filamu. Redio ya mashine ya Marekani nayo hukamata FM za namba witiri tu, 96.7 kisha 96.9. Stesheni iliyo 96.8 haikai sawa.

Na ukenda madukani Darajani usiseme "nataka AVR", ingawa Kiingereza risiva hizi huitwa hivyo. Utaletewa stebilaiza, maana kwetu herufi hizo ni za kile kifaa cha kusawazisha umeme. Sema risiva ya homu thieta, na utaje spika, la sivyo watakuonesha king'amuzi.

MpwaWaMuscat
Kuhusu hiyo Yamaha iliyotumika, muulize muuzaji jambo moja: bodi ya HDMI ilibadilishwa? Risiva za mwanzo zenye HDMI 2.1, zilizotoka 2020, zilikuwa na chipu yenye kasoro. Yamaha RX-V6A zimo na Denon za mwaka ule zimo. Ukiitia Xbox Series X kwenye 4K ya 120, picha inapotea, yaani kitu hichohicho anachokitaka mwanao. Yamaha walikubali kubadilisha bodi bure, Denon wakatoa kikasha cha kuunga katikati. Iliyobadilishwa haina neno. Ambayo hakubadilishiwa mtu, kwa kijana wako haifai, hata ikiwa bei rahisi. X1800H na TX-NR6100 zimekuja baadaye, shida hiyo hazina.

Kama una ndugu huku Oman au Dubai, mwagize. Umeme wa huku unakubaliana na wa Unguja, na plagi ni ileile ya miguu mitatu bapa, hubadilishi kitu.

Onkyo ni nzuri, siipondi, mie mwenyewe nimekua na Onkyo ya baba. Lakini kampuni ya Onkyo Home Entertainment ilifilisika Mei 2022 na jina likaendelea chini ya wamiliki wengine. Kwa mtu aliye kisiwani, ambaye kipuri kikihitajika lazima kitoke mbali, ningelipima hilo.

UdiNaFidla
Ndugu yangu wa Malindi, mmesema sana juu ya mashine na hakuna aliyesema juu ya chumba, na chumba chako ndicho kitakachoamua. Nyumba zetu za Mji Mkongwe ukumbi ni mwembamba kwa sababu boriti za mkoko zina urefu wake, haziwezi kuvuka zaidi ya mita tatu hivi. Basi spika za pembeni zitakuwa zinakupigia sikioni. Na chokaa haimezi sauti. Piga kofi moja hapo ukumbini usikilize inavyorudi.

Kwa hiyo mie ningechagua kwa kile kinachoisahihisha sauti ya chumba. Denon ina Audyssey MultEQ XT: unaweka maikrofoni ndogo iliyokuja nayo kwenye sehemu hadi nane unapokaa watu, inapiga milio yake, kisha inajirekebisha. Fanya hiyo kazi usiku, vichochoro vikinyamaza, na feni izimwe. Lakini programu haiondoi mwangwi wote. Kabla ya kununua chochote tandika zulia zito, ning'iniza pazia kwenye ukuta mmoja mrefu, na weka kabati la vitabu nyuma. Mie nilifanya hayo kwangu Shangani nikasikia maneno ya filamu ambayo nilikuwa nayasoma chini ya skrini tu.

Usidanganyike na zile spika za Atmos zinazokaa juu ya spika za mbele na kurusha sauti darini. Zimetengenezwa kwa dari bapa. Boriti zitaitawanya sauti huku na huku, na dari zetu ziko juu mno. Tundika spika mbili ndogo juu ya ukuta wa mbele, zitazame kochi. Risiva ya chaneli saba inatosha kwa mpango huo wa 5.1.2, ambapo ile 2 ya mwisho ni hizo spika za juu. Ukitoboa ukuta, tafuta jiwe, kwenye chokaa tupu skrubu haishiki.

Na jengine, hili nalisema kwa mapenzi. Ukiweka taarab, zima chaneli zote za nyuma, bakisha mbili za mbele. Ala za kanuni na fidla za kikundi cha Ikhwan Safaa zinataka kukaa mbele yako kama jukwaani. Nimewasikia watu wanazisambaza chumba kizima, na pale muimbaji anapoteza pa kusimama.

BintiMkoani
Kwetu Pemba tulikuwa na majenereta ya Wesha mpaka waya wa baharini kutoka Tanga ulipofika 2010, kwa hiyo habari ya umeme unaopanda na kushuka tumelelewa nayo. Risiva haiuliwi na kiza. Inauliwa na ule umeme unaporudi kwa kishindo. Weka stebilaiza, na mbele yake kile kifaa cha kulindia friji, kinachosubiri dakika chache kabla ya kupitisha umeme. Ukizima usiku, chomoa kabisa.

Kisha chumvi. Nyumba yangu iko karibu na bandari, na vichwa vya waya za spika viligeuka kijani ndani ya miaka miwili, spika moja ikawa inakatika katika. Nilidhani risiva imekufa. Nikakata inchi moja ya waya, nikamenya upya, sauti ikarudi. Siku hizi naangalia kila baada ya masika. Na usiifungie kabatini kwa kuogopa vumbi. Risiva hizi zinatoa joto, iache nafasi juu ya upana wa kiganja na nusu, na usiiwekee kitambaa cha kufuma, hata kama mama mkwe ndiye aliyekileta.

MwanaWaMalindi
Nimepiga kofi ukumbini. Mashaallah, kweli inarudi. Swali langu la mwisho: nikibaki na ya zamani nitakosa nini hasa?

FundiWaKwahani
Unga deki na Xbox kwenye TV, kisha rudisha sauti kwa HDMI ya ARC (tundu linalopeleka sauti ya TV kwenye risiva) kama risiva yako inayo, au kwa waya wa mwanga, ule wa "optical". Utapata Dolby Digital ya 5.1, picha ya 4K kamili, na 120 ya kijana ikiwa TV inaikubali. Utakosa Atmos, na utakosa sauti ya Blu-ray isiyopunguzwa ubora. Kwa anayetazama filamu za intaneti tu ningemwambia abaki. Wewe una deki ya 4K, diski zako zina sauti ambayo hujawahi kuisikia. Hiyo ndiyo sababu ya kununua, wati sio.

MwanaWaMalindi
Basi nimeamua hivi. Zulia na pazia mwezi huu, na ya zamani naiunga kwa ARC, nimeangalia nyuma inayo. Shemegi yangu anarudi kutoka Muscat baada ya Idi, nitamwagiza Denon X1800H na nitamwambia asome kibati kabla ya kulipa. Yamaha nimemuuliza mwenyewe habari ya bodi, hajui. BintiMkoani, stebilaiza yako ni ya ukubwa gani, na friji umeiweka humohumo au mbali?

BintiMkoani
Friji mbali, dada yangu aliziweka pamoja na kila friji ikiwaka risiva inatoa mlio. Yangu ni ya VA 2000, inabeba TV, risiva na spika ya besi bila kupata moto.