Mrejesho: alamu iliyolia usiku na mkanda uliogoma kurudi

Wakuu, nimerudi kama nilivyoahidi. Kwa waliopitwa: niliuliza kwa nini alamu ya gari inalia yenyewe saa tisa usiku, majirani wameanza kuninunia, na kwa nini mkanda wa dereva haurudi ukiufungua.

Fundi wa kwanza alitaka tubadilishe mfumo mzima wa alamu. Nikagoma. Mkuu aliyesema nikague swichi ya boneti alipatia: ilijaa kutu na vumbi, alamu ikawa inadhani boneti limefunguliwa. Tumeisafisha, na sensa ya mtikisiko tumeipunguza ukali, maana hata lori likipita ilikuwa inaitika. Betri tulipima, volti 12.5, haina shida. Wiki ya pili sasa, kimya.

Mkanda ulikuwa na uchafu tu, jasho na vumbi la miaka. Niliuvuta wote, nikaubana usirudi, nikausugua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, nikauacha ukauke kabisa. Jiki usiguse, inadhoofisha nyuzi.

Sasa aibu yangu: nilikuwa nimechomeka kile kibati cha kunyamazisha mlio wa kukumbusha kufunga mkanda. Nimekitupa. Eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, imetengenezwa kusaidiana na mkanda. Usipofunga, unarushwa mbele na kuikuta ndiyo kwanza inafumuka. Mama watoto alilisema hili zamani, na ananikumbusha kila siku.

Bado mkanda wa nyuma kushoto, kufuli yake haishiki. Mtoto nimemhamishia kulia mpaka nipate nyingine.