Naomba ushauri: nipogoe zabibu sasa hivi au nisubiri Novemba?

Kijana_Hombolo: Mbukwenyi wakuu. Nina shamba la zabibu hapa Hombolo. Nataka kupogoa Septemba hii ili nivune mwisho wa mwaka bei ikiwa juu. Jirani anasema nitaliua shamba. Usingizi sipati.

Mama_Mpunguzi: Mwanangu, umevuna lini?

Kijana_Hombolo: Si zamani, mama. Ila mimi nauliza habari ya bei.

Mtoto_wa_Mufindi: Mimi nimekulia kwenye chai. Kule kabla ya kupogoa wanachimba mzizi, wanaukata na kuudondoshea iodini. Ukigeuka bluu-nyeusi, wanga upo, kata. Usipogeuka, mche unaachwa kwanza. Baba alikuwa nyapara, hakukubali panga liguse chai yenye mizizi mitupu hata meneja akifoka. Nimeikumbuka baridi ya kule, jamani.

Mama_Mpunguzi: Swali langu halijajibiwa.

Kijana_Hombolo: Nimemaliza kuvuna wiki iliyopita. Majani bado mabichi. Kisima kina maji kiasi.

Mama_Mpunguzi: Jirani yako kasema kweli. Majani hayo ndiyo yanarudisha chakula kwenye mizizi na matawi. Ukiyaondoa leo, macho ya matawi, pale chipukizi linapotokea, yatachipua kwa akiba kiduchu: machipukizi membamba, mashada ya kuhesabu, na msimu unaofuata mzabibu utakuwa bado mchovu. Kutoka kukata hadi kuvuna ni kama miezi minne. Tukikata Aprili au Mei tunavuna Agosti na Septemba kukiwa kukavu, sukari imekolea. Tunapumzisha, tunakata tena Oktoba au Novemba, tunavuna Februari na Machi tukipambana na ubwiri, ule ugonjwa wa ukungu wa masika. Wewe hujapumzisha kabisa.

Kijana_Hombolo: Nimekuelewa, mama. Ila nusu ya shamba nimeshakata. Kuna mtu kanipa advansi, anataka mzigo kabla ya Januari. Ningefanyaje, na mdogo wangu anadaiwa ada?

Mcha_Mungu: Kula hela ya tunda ambalo halijachanua! Vijana, tujifunze subira.

Jicho_Kavu: Naona fiksi hapa. Kila mwaka watu wanalia zabibu zinaozea shambani, wewe unalipwa kabla ya ua? Weka picha.

Kijana_Hombolo: Huyu anauza za kula mjini, hapeleki kiwandani. Picha hiyo.

Jicho_Kavu: Mikato mibichi kweli. Samahani, mkuu. Lakini mbona umeacha macho matano matano?

Mama_Mpunguzi: Mengi hayo. Rudia, acha mawili au matatu. Upande uliokata upe samadi na maji yote ya kisima. Upande wa pili usiuguse hadi mwisho wa Oktoba. Na huyo mnunuzi mpigie leo, ajue mzigo umepungua.

Kijana_Hombolo: Nimempigia. Kafoka, halafu kakubali nyingine Machi. Mama, samadi ya mbuzi inafaa?

Mama_Mpunguzi: Inafaa, mradi imeoza vizuri. Usiibandike kwenye shina.